Chenso ndogo, chenso kubwa, ya betri au msumeno wa mkono? Semeni mlichonunua karibuni kwa ajili ya kuni

Kisiki
Wakuu salama? Naona kila mtu anaonyesha simu mpya, mimi nimejinunulia chenso aisee, ule msumeno wa cheni. Stihl MS 170, injini cc 30.1, baa (lile bapa la chuma linalozungukwa na cheni) ya sentimita 35, nikabeba na tupa mbili na shoka la kupasulia, lile la kichwa kinene. Kazi yangu kuni za nyumbani tu, matawi na magogo ya kawaida, miti mikubwa sina na wala sitafuti. Kabla ya kununua nililinganisha na zile cc 58 za baa ndefu ambazo kila mtu ananiambia ndo chenso yenyewe, nikaangalia na ya betri, afu jirani akanicheka akasema chukua msumeno wa upinde utulie. Nikaenda na hii kwa sababu ya uzito, ni kama kilo 4 kabla hujaweka mafuta, baa na cheni, maana mkono ukishachoka hapo ndo ajali zinapoanzia. Haya na nyie mmenunua nini na kwa nini?

fundi_plagi
Hongera mkuu. Hizo cc 58 nazitengeneza sana na siwezi kuzitukana, gogo likiwa nene zinashuka vizuri tu. Ila kwa kuni za matawi baa ya inchi 20 ni usumbufu mtupu, unakata tawi la mbele kumbe ncha imeshagusa tawi la nyuma usiloliona, inapiga teke, inakuja usoni. Sehemu mbaya ni ile robo ya juu ya ncha ya baa, ikigusa kitu kigumu hakuna mkono wa kuizuia, ndo maana kuna breki ya cheni pale mbele. Sasa mtu akinunua chenso kitu cha kwanza anakagua injini, breki hata haigusi. Washa, ipe moto kidogo, sukuma kile kikinga cha mbele, cheni isiposimama papo hapo usiichukue hata kama ni ya bure.

MamaKuni
Mimi nimechukua ya betri jamani, Makita DUC353, inatumia betri 2 za volti 18, baa sentimita 35 sawa na ya Kisiki. Kilichonivuta ni ile kamba. Sina muda wa kuvuta kamba asubuhi, choki, rudisha choki, imelowa, subiri. Hii unabonyeza inakata, ukiachia imenyamaza, unaweza kuongea na mtu aliyekushikia gogo bila kupiga kelele. Na betri zenyewe ni zile zile za drili, nilikua nazo tayari. Nikimaliza chaji naenda kupasua na kupanga wakati zinajichaji, kwangu inatosha. Ila ukisema ukakate mchana kutwa mbali na umeme hapo itakuangusha, nisiwadanganye.

Halafu watu wanadhani ya betri haitaki oili ya cheni. Inataka! Cheni ni ile ile, baa ni ile ile, na kidole inakata vile vile.

Jemadari_kuni
Mbona hakuna anayetaja ya kati? MS 250, cc 45.4, kilo 4.6 bila baa na mafuta, tofauti ya uzito na hiyo 170 ni ndogo ila nguvu ni karibu mara mbili. Kama unapata gogo nene mara moja moja hiyo 170 utaikamua mpaka ilie. Mimi nakata za nyumbani na za kuuza, ndogo kwangu ni toi.

Kisiki
@Jemadari_kuni wewe unauza mkuu, mimi nachoma. Hatufanani.
Swali kwa fundi, petroli na oili nachanganyaje, kila mtu ana kipimo chake, mwingine ananiambia nimimine tu mpaka rangi ibadilike.

fundi_plagi
Rangi haipimi kitu, kila oili ina rangi yake. Yako ni 50 kwa 1 ukitumia oili nzuri ya tu-stroku, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, lita 5 unaweka mililita 100. Nyingi za bei nafuu kitabu chake kinasema 25 kwa 1, hapo ni mililita 40 kwa lita. Fuata kitabu cha mashine yako, sio cha jirani. Ukipunguza oili pistoni inakwaruzika, ukizidisha moshi mwingi na plagi inajaa masizi. Changanya ya kutumia ndani ya mwezi tu, na kama chenso unaiweka muda mrefu mwaga tenki afu iache iwake mpaka izime yenyewe, kabureta nyingi ninazofungua zimezibwa na petroli iliyolala.

Na oili chafu ya gari msiweke kwenye tenki la cheni, ina chembechembe za chuma, inasaga baa na pampu, na unakua unajirushia uchafu mwenyewe.

BabuKabari
Vijana mna haraka. Mimi mwezi huu nimenunua msumeno wa upinde, bledi mbili na kabari moja ya chuma, basi. Bledi ziko za aina mbili na wengi hawajui, ya mti mbichi ina meno halafu kila baada ya meno kadhaa kuna jino limegawanyika ncha, hilo linakokota unga nje, ya mti mkavu haina hilo. Mtu anakata mbichi kwa bledi ya mkavu, inanata, analaumu msumeno.

Na kukata sio kazi, kazi ni kupasua. Kata vipande vya sentimita 30 mpaka 40, simamisha gogo, tafuta ule ufa unaojichora wenyewe katikati, piga hapo. Penye jicho la tawi paache, zungukia pembeni. Gogo liweke ndani ya tairi kuukuu, ukipiga vipande vinabaki vimesimama humo humo, huhangaiki kuinama kuokota.

MamaKuni
Babu hiyo ya tairi naichukua leo leo, shikamoo 😂

BabuKabari
Marahaba mwanangu. Ukishapasua panga juu ya vitu, sio chini kwenye udongo, funika juu tu pembeni upepo upite. Kuni nzuri iwe chini ya asilimia 20 ya maji. Kama huna kipimo gonga mbili, kavu inalia kali, mbichi inajibu kwa sauti nzito.

TupaTu
Nimesoma kote naona mnashindana cc. Chenso ya cc 30 yenye cheni kali inaiacha mbali ya cc 58 yenye cheni butu, na cheni inakua butu kwa kugusa mchanga mara moja tu. Angalia kinachotoka, zikiwa chenga ndefu nene cheni iko sawa, ukiona unga laini na moshi na unaanza kukandamiza kwa nguvu, simama unoe. Jino likikaa vizuri linajivuta lenyewe ndani ya mti, we unaongoza tu.

Tupa ya mviringo, sukuma upande mmoja tu kutoka ndani kwenda nje, usirudishe inasugua, nyuzi 30, meno yote ya upande huu kisha geuka ule. Hesabu misukumo, kila jino ipate sawa. Na kale kanundu kalikotangulia mbele ya jino nako kashushwe mara moja moja kwa tupa bapa, kawe chini ya ncha ya jino kwa kama milimita 0.65. Ukikashusha sana cheni inang'ata vibaya na kuruka.

mgeni01
samahani nimeingia katikati, chenso yangu inakata inapinda, naanza wima namaliza nimeelekea kushoto kama ndizi, fundi wa kwetu kaniambia ninunue baa mpya, ni kweli?

TupaTu
Inaweza kua baa ila anza na kilicho rahisi. Meno ya upande mmoja ni mafupi au butu kuliko ya upande mwingine, wengi mkono wa kulia unasukuma kwa nguvu kuliko wa kushoto. Pima jino fupi kuliko yote, rudisha mengine yote yalingane nalo. Ikiendelea kupinda toa baa, pitisha kidole kwenye kingo za mfereji, kingo moja ikiwa imeliwa kuliko mwenzake hapo fundi wako yuko sahihi. Tupa unayo ya ngapi?

mgeni01
sijui, nilipewa nayo. baa imeandikwa .325 afu 1.5 afu 76

TupaTu
Basi tupa ya milimita 4.8, maana hiyo .325 ndo saizi ya cheni kwa inchi. Ya Kisiki inatumia 4.0 kwa hiyo msiazimane. Hiyo 1.5 ni unene wa kiungo kinachoingia kwenye mfereji wa baa, 76 ni idadi yake. Ukienda kununua cheni taja hizo namba zote tatu, ukisema inchi 20 tu unaweza kupewa isiyoingia.