Kutoka Mombasa kucheza gofu Nairobi: tujipange vipi?

Mpwani14:
Wadau, salaam. Tuko wanne, tumezoea viwanja vya usawa wa bahari. Mwezi wa saba tutakuwa Nairobi siku mbili na tunataka kiwanja chenye miti mingi, klabu ya Karen au Royal Nairobi. Handikapu zetu (mapigo ya ziada tunayoruhusiwa kulingana na uwezo) ni kati ya 14 na 22. Tuweke nafasi siku gani, na umbali wa ayani (fimbo za chuma) utabadilika kiasi gani?

KediMzee:
Karibuni bara. Jumamosi waachieni wanachama na mashindano yao. Jumatatu ulizeni kwanza, maana ndiyo siku ambayo mafundi hupenda kuifanyia grini (nyasi fupi kuzunguka shimo) matengenezo. Jumanne hadi Alhamisi mtapumua. Kama klabu yenu ina ushirikiano na ya huku, chukueni barua ya utambulisho kabla hamjapanda treni ya SGR. Bila barua, mtalipa ada ya mgeni wa kawaida.

Watu wanne kwa mashimo 18 ni saa nne na nusu, na giza huku halingoji mtu: jua huzama kama saa kumi na mbili u nusu. Mkianza saa nane na nusu mchana, mashimo ya mwisho mtayacheza kwa tochi. Saa mbili asubuhi ni nzuri.

YadiMoja:
Kuhusu umbali: Karen iko kama mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unaenda mbali zaidi kwa karibu asilimia 6 au 7. Ayani ya 7 inayokupa yadi 140 Mombasa itakupa kama 149 hapa, yaani karibu tofauti ya fimbo moja hadi inayofuata. Weji (fimbo za mapigo mafupi ya juu) hazibadiliki sana, kwa hiyo msipunguze fimbo kila mahali. Mpira pia hupinda kidogo kuliko kwenu (wenye slaisi, yaani mpira unaokimbilia pembeni, watafurahi) lakini hushuka ukiwa umelala zaidi, hivyo hauketi upesi kwenye grini. Lengeni mpira utue kabla ya kufika bendera.

Ila Julai asubuhi ni baridi, na mpira baridi hauruki vizuri. Mashimo matatu ya kwanza hesabuni nusu ya nyongeza hiyo. Na muulizeni kedi (mbeba fimbo) kama alama za uwanja ni yadi au mita: mita 150 ni yadi 164, kosa kubwa kuliko la mwinuko wenyewe.

Mpwani14:
Asante sana. Na nyasi?

KediMzee:
Hapo ndipo wageni hulia. Nyasi ya Kikuyu asili yake ni nyanda hizi hizi. Kwenye feawei (njia iliyofyekwa) ni raha, mpira unakaa juu kama umewekwa kwenye tii (kijiti cha kuanzia). Kwenye rafu (nyasi ndefu za pembeni), majani hushika shingo ya fimbo, uso wake unajifunga, na anayecheza kwa mkono wa kulia anaona mpira ukikimbilia kushoto. Acheni ayani ndefu. Shika weji au ayani ya 9, fungua uso kidogo, kaza mkono wa kushoto, rudi njiani.

Ukiwa kando ya grini usiubingirishe mpira kupitia nyasi hiyo, utakwama palepale. Urushe utue kwenye grini yenyewe.

YadiMoja:
Mavazi: shati lenye kola, lichomekwe, jinzi hapana, njumu laini. Beba sweta na taulo mbili, umande wa Julai hulowesha mshiko kabla ya shimo la 4. Malipo ya kedi ulizeni kwa msimamizi wao kabla ya kuanza, si shimo la 18.