Tupeane uzoefu: Studio ilifungwa, wenzako wakapata kazi, ukabaki peke yako. Ulifanyaje?

Mleta mada, Dar
Wachoraji wenzangu, nimeanzisha hii kwa sababu ya Peyo, yule mchora katuni Mbelgiji aliyebuni Smurfs, vile vijitu vidogo vya bluu vya msituni. Jina lake hasa ni Pierre Culliford, mzaliwa wa Brussels, 1928. Mwaka 1945 aliingia studio ndogo ya animesheni, kazi yake kupaka rangi seluloidi, yaani karatasi angavu za plastiki zinazochorwa picha za filamu. Humo akakutana na wachora katuni Franquin na Morris. Studio ikafa. Wenzake wakachukuliwa na wachapishaji wa jarida la katuni la Spirou, yeye mdogo wao akaachwa. Alikula kwa kuchora matangazo mpaka 1952, Franquin alipomshika mkono akaingia.

Mimi yalinikuta hayohayo. Wenzangu wanne walipata kazi pamoja, nikaambiwa nisubiri. Nikaenda kuchora mabango ya maduka Buguruni, rula na brashi, rangi ya mafuta hadi kwenye kucha. Huko ndiko nilikojua kwamba abiria wa daladala ana sekunde mbili tu za kukusoma. Sasa mtazameni Peyo: punguza mchoro wake uwe kama stempu, bado utajua nani anakimbia na nani kakasirika. Naamini matangazo ndiyo yaliyomnoa.

Mpaka Rangi, Nairobi
Asante mkuu, ila usimsahau Nine, mkewe. Ndiye aliyekuwa akimpakia rangi, na bluu ya Smurfs ni chaguo lake. Kijani kingepotea kwenye majani ya msitu, nyekundu ingepiga kelele mno. Mimi nimepaka rangi vitabu vya watoto miaka tisa na jina langu halijaandikwa hata kwenye kimoja. Studio yetu ilipofungwa, wachoraji waliitwa kwingine, wapaka rangi hatukuulizwa. Nilianza upya kwa kufundisha watoto wa jirani Jumamosi, na leo ndiyo kazi yangu.

Mtanga wa Brussels
Mimi si mchoraji, nina jambo dogo tu la kuongeza. Nilifika hapa sijui Kifaransa. Neno "schtroumpf", ndilo jina la Smurf kwa Kifaransa, lilizaliwa mezani, Peyo alipotaka chumvi na jina la chumvi likamtoka kichwani, akasema "schtroumpf" badala yake. Nami nikikwama dukani nilikuwa nasema hivyohivyo, "nipe schtroumpf", huku nikionyesha kwa kidole. Muuza mkate alicheka, akanifundisha neno lenyewe. Kila asubuhi neno moja.

Mzee wa Penseli, Mombasa
Upande wa pili nao tuuseme. Smurfs walitokea Oktoba 1958 kama wapita njia tu ndani ya Johan na Pirlouit, hadithi nyingine ya katuni ya Peyo, ambayo ndiyo aliyoipenda zaidi. Walipokua wakammeza. Hanna-Barbera, studio ya animesheni ya Marekani, walipoanza mfululizo wa televisheni mwaka 1981, muda wake ukaishia kwenye kusoma miswada na mikataba. Alifariki 1992, ana miaka 64.

Nami niliachwa zamani, nikafungua studio yangu. Nina vijana sita, mishahara inatoka. Ila huu mwaka wa pili sijachora ukurasa wangu mwenyewe. Aliyewahi kutoka hapo anielekeze, nipo nasoma.