Wakubwa wakivuka ni handisheki, muuza omena akivuka ni msaliti?

Wanajamvi wa Kisumu, Siaya, Homa Bay na popote mlipo, uzi huu ni wa hasira na sitaki mtu aniambie nipoe kwanza.

Ni nani aliyewapa vijana wa chama ruhusa ya kumwaga mali ya mtu kwa sababu amemsifu mwaniaji wa upande wa pili? Shangazi yangu anauza omena, dagaa wa ziwani. Jumapili, msafara wa bwana mmoja anayetafuta tiketi ya urais kwa kile chama ambacho hapa kwetu hakitajwi kwa sauti ulipita sokoni. Watu wakazomea. Shangazi hakuzomea, aliuliza swali: "Mheshimiwa, samaki wa barafu kutoka China wanatuharibia soko. Ukipata hiyo tiketi utatufanyia nini?" Yule bwana akasimamisha watu wake, akateremka, akamwuliza gunia la omena likitoka Usenge linamfikia kwa bei gani na nauli ni ngapi. Wakajibizana pale hoja kwa hoja, yeye akiwa ameinama juu ya karai. Mwishowe shangazi akasema mbele za watu, "Huyu nampigia kura." Kuna aliyerekodi kwa simu.

Jumatatu asubuhi wakaja. Omena ikamwagwa kwenye mtaro, na gorogoro anayopimia wakaikanyaga mpaka ikabaki bapa kama sahani. Tulipopiga ripoti tukaambiwa turudi mambo yakitulia. Na jioni wazee wa chama wakamtumia ujumbe kwamba aje aombe msamaha. Aliyemwagiwa ndiye aombe msamaha! Eti ameaibisha jamii.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hao hao wazee wakikaa chini ya mti hawamalizi saa moja bila kumtaja Obama. Kogelo ni kwetu, damu yetu, mtoto wetu. Sawa. Mnakumbuka huyo mtoto wetu aliukwaa vipi uteuzi wa chama chake?

Tarehe 3 Januari 2008 alikuwa Iowa, jimbo ambalo zaidi ya asilimia tisini ya wakazi wake walikuwa wazungu. Sheria za mchujo kule zilimruhusu mtu asiye wa Democrat kufika mlangoni jioni ile ile, kujiandikisha kwenye chama na kuingia kumchagua anayemtaka. Wapiga kura wasio na chama wakaja, na baadhi ya Republican nao wakaja. Obama akapata karibu asilimia 38, akawaacha nyuma John Edwards na Hillary Clinton. Siku hizo sisi tulikuwa tunafanya nini? Kondele, hapa Kisumu, ilikuwa inawaka kwa vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007. Nakuru haikukaa wiki nyingi nayo ikawaka. Jirani alikuwa anaangaliwa jina lake kwanza ndipo ijulikane kama atalala kwake.

Novemba akashinda Indiana na Virginia, majimbo ambayo hayakuwa yamempa mgombea wa Democrat kura zao tangu 1964. Kabla ya hapo Colin Powell, Republican aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Bush, alijitokeza hadharani akasema anamuunga mkono, na akaendelea kuwa Republican kwa miaka mingi baadaye. Rais wetu Kibaki akatupa sikukuu, Alhamisi tarehe 6 Novemba 2008. Nchi nzima ikafunga kazi kumshangilia mtu aliyebebwa pia na watu waliotoka chama cha upinzani wake. Tulicheza, tulichinja. Na hakuna mzee hata mmoja aliyesema wale wazungu wa Indiana wameaibisha jamii yao.

Najua kuna atakayeniambia kwamba hao wanaovuka huwa ni mapandikizi, wanaingia kwenye mchujo wa wenzao kuharibu. Mambo hayo yapo, sikatai. Mwaka huo huo wa 2008 mtangazaji Rush Limbaugh aliwahimiza wasikilizaji wake Republican wampigie Clinton ili ugomvi wa Democrat uendelee. Na mwaka 2000 John McCain alimshinda George W. Bush kule Michigan kwa sababu ya wasio na chama na Democrat waliojitokeza kwa wingi, ilhali Republican wenyewe wengi walimtaka Bush. Watu wa Bush walikasirika, na wana haki ya kukasirika. Lakini dawa ya jambo hilo ni kanuni. Kuna majimbo kama New York ambako mchujo ni wa wanachama waliosajiliwa tu, na kuna mengine kama Wisconsin ambako mlango uko wazi kwa kila mpiga kura. Chama kinachoogopa kuingiliwa kifunge mlango wa mchujo wake. Shangazi yangu hakuingia kwenye mchujo wa mtu. Aliuliza habari za samaki.

Lakini kinachonichoma hasa ni hiki. Sisi watu wa huku tumevuka mara ngapi? Tarehe 14 Oktoba 2002 pale Uhuru Park Raila alitamka "Kibaki Tosha", na Nyanza ikampigia mtu wa Othaya bila kusita. Tarehe 9 Machi 2018 Raila na Uhuru Kenyatta, watu waliokuwa hawasalimiani, wakashikana mikono mbele ya Harambee House, ndiyo ile handisheki, nasi tukaambiwa tusahau walioumia 2017. Julai 2024 viongozi wa ODM, chama cha Raila, wakateuliwa kuingia Baraza la Mawaziri la Ruto, mtu tuliyekuwa tumeambiwa ni adui. Tarehe 7 Machi 2025 Raila na Ruto wakatia saini mkataba wa vyama vyao pale KICC, Nairobi, kamera zote zikiwaka. Nani alimwagiwa chochote? Nani aliitwa na wazee aombe msamaha?

Kwa hiyo kuvuka si dhambi hapa kwetu. Tunavuka kila tukiamriwa. Dhambi ni kuvuka kwa kushawishika, mtu akasikiliza kwa masikio yake, akapima, akaamua bila kungoja tangazo kutoka jukwaani. Hilo ndilo alilofanya shangazi na ndilo lililowakera.

Na niwaambie hasara yake, maana mnafikiri ni ya muuza omena peke yake. Hapa Kenya mchujo wa urais wananchi wa kawaida hatuupigii kura. Wajumbe wanakusanywa ukumbini, jina linatajwa, mikono inainuliwa, kwisha. Ruto aliidhinishwa hivyo Kasarani tarehe 15 Machi 2022, bila mpinzani. Anayetaka tiketi anatafuta wajumbe. Ana haja gani ya kuinama juu ya karai la mtu? Ndiyo maana yule bwana alituduwaza. Halafu katika uchaguzi wenyewe Kisumu tunatoa zaidi ya asilimia 95 kwa upande mmoja. Upande wa pili unatuona hatupatikani, upande wetu unatuona tuko mfukoni, na kura iliyo mfukoni haibembelezwi. Ndiyo maana tukidai soko lenye paa tunaambiwa tuvumilie mpaka uchaguzi ujao.

Mwaka 2022 tofauti ya Ruto na Raila ilikuwa kura 233,211 nchi nzima. Na Katiba, kifungu cha 138, inamtaka mshindi awe na angalau asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24. Hakuna anayeingia Ikulu kwa kura za kwao tu. Kama sisi tunamtaka mtu wetu apate kura Nyeri, Kericho na Bungoma, tutawaambia nini watu wa huko watakaotaka kumsikiliza? Wajifiche?

Kifungu cha 38 kinasema kila raia yuko huru kufanya maamuzi yake ya kisiasa. Hakikuandika isipokuwa wauza omena.

Ninachotaka kiko wazi. Gunia lilipwe lote, pamoja na nauli ya kutoka Usenge. Wazee waliotuma ule ujumbe waufute mbele ya wale wale waliousikia. Shangazi amerudi sokoni kwa mtaji alioazimwa na akina mama wenzake wa chama cha kuzungushiana pesa, na hataenda kuomba msamaha kwa mtu yeyote. Video ya Jumapili mliisambaza nyinyi. Ya Jumatatu tunayo sisi, sura zinaonekana, na baadhi yenu mnaosoma hapa mnawajua hao vijana kwa majina na nani huwalipa. Waambieni waje kabla ya Jumamosi. Baada ya hapo naipeleka kwa wakili.