Stadi za egzosi zimekatikia kwenye silinda hedi, nazitoaje?

GiaYaTano

Wakuu, habari za kazi. Nina pikipiki ya silinda moja, cc 150, inayopozwa kwa hewa. Ilianza kutoa mlio wa tik tik pale bomba la egzosi linapoingia kwenye injini, na nikiachia mafuta mteremkoni inapasuka-pasuka nyuma. Nikajua ni gasketi tu imeungua. Nati ya kwanza ilizunguka na stadi yake (ile skrubu isiyo na kichwa inayoshika bomba kwenye hedi), kisha stadi ikakatika. Imebaki ncha ya kama milimita 8 nje. Ya pili imekatikia ndani, chini kidogo ya uso wa hedi, naiona kwa tochi. Zote ni stadi za milimita 6.

Jirani ameniazima seti ya vichopoo, vile vyuma vya msokoto wa kushoto unavyogongea kwenye tundu halafu unageuza. Mwingine anasema nitoboe kubwa, niweke bolti ya 8, yaishe. Mpaka sasa nimepulizia mafuta ya kulegeza kutu tu, hedi sijaishusha. Nianzie wapi?

FundiMkongwe

Mkuu, anza kwa kumrudishia jirani vichopoo vyake. Stadi ya 6 ikiwa nzima, chuma kimejaa, imekatika kwa nguvu ya spana. Sasa unataka kuitoboa tundu la milimita 3 katikati, uingize kitu chembamba kuliko stadi yenyewe, halafu hicho chembamba ndicho kiizungushe? Tena kichopoo kinavyozidi kuingia kinazisukuma kuta za stadi kwenda nje, yaani kinaibana zaidi. Na kikikatikia humo ndani umekwisha, maana ni chuma kilichokomazwa na biti ya kawaida haikikwaruzi. Nimeletewa hedi nyingi zenye kipande cha kichopoo ndani kuliko zenye stadi peke yake.

Elewa kwanza kinachoishika hiyo stadi. Stadi ni chuma, hedi ni alumini. Maji yenye chumvichumvi yakikaa kati ya metali hizo mbili, alumini inaliwa na kutoa unga mweupe unaojaza kwenye uzi. Huo unga ndio gundi yako. Mafuta uliyopulizia yameishia juu juu, yanahitaji kufunguliwa njia, na njia inafunguliwa kwa joto na kugonga. Kwa joto lile lile alumini inapanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo ukipasha hedi, tundu linatanuka kuliko stadi iliyomo.

Tuanze na hiyo ndefu. Milimita 8 ni mtaji, grainda isiikaribie. Toa tangi la mafuta na ulipeleke mbali, siyo kufunga koki tu. Gonga ncha ya stadi kwa nyundo ndogo, wima, mapigo mepesi mengi. Hutaki kuikunja, unataka kuupasua ule unga. Kisha pasha hedi kuzunguka stadi kwa moto wa gesi, siyo stadi yenyewe. Zungusha moto, usiukalishe sehemu moja. Dondosha tone la maji: likichemka na kuruka papo hapo, umeshapita nyuzi 100, endelea kidogo tu. Usisubiri alumini iwe nyekundu. Haiwi nyekundu, itakudanganya na rangi yake ile ile mpaka ianguke chini imeyeyuka.

Ikiwa ya moto hivyo, ondoa moto na gusisha mshumaa kwenye shina la stadi. Nta inayeyuka na kunyonywa ndani ya uzi kuliko mafuta mengi ya kopo. Hapo ndipo unabana kwa plaizi ya kufunga, ile inayojikaza yenyewe. Anza kwa kukaza kidogo, kisha fungua kidogo, kaza tena, fungua. Ikianza kulia, simama, rudisha, ongeza nta. Anayevuta upande mmoja kwa hasira ndiye anayekata.

Ikigoma kabisa, nati inachomelewa juu ya hiyo ncha. Wengi wanadhani faida ya nati ni kupata mahali pa kushika spana. Faida kubwa ni kwamba moto wa kuchomelea unapita katikati ya stadi mpaka chini, inatanuka, inabanwa na tundu, na ikipoa inakuwa imejiachanisha na ule unga. Kwa hiyo usiigeuze ikiwa nyekundu, ni laini, itasokoteka. Subiri wekundu uondoke, igeuze ingali na moto.

BitiButu

Hapo kwa ndefu sina la kuongeza. Kwa iliyokatikia ndani mimi ningetoboa, ila kwa adabu.

Tatizo la kutoboa ni kwamba stadi ni ngumu na alumini ni laini, na sehemu ilipokatika haiko bapa. Biti ikiyumba kidogo tu inakimbilia kwenye alumini na inakula upande mmoja wa uzi. Kwa bahati yako imekatika chini ya uso, kwa hiyo mdomo wa tundu bado upo. Mtafute fundi wa mashine ya kukereza akutengenezee bushi ndogo ya chuma, nje iingie kwenye hilo tundu bila kucheza, ndani iwe na tundu la milimita 3. Bushi inashika biti katikati, huna haja ya kukisia kwa jicho. Ukishapata tundu la 3 lililonyooka, toa bushi, nenda 4, halafu 5.

Ukipata biti zinazokata kwa kuzunguka kinyumenyume, tumia hizo, drili ukiiweka nyuma. Mara nyingi stadi inatoka yenyewe ikiwa imeng'ang'ania biti, kabla hata hujafika 5. Mwendo wa drili uwe wa polepole, mkono uwe mzito, mafuta yasikauke.

Uzi wa 6 hatua yake, yaani umbali wa msokoto hadi msokoto, ni milimita 1, kwa hiyo kwenye 5 unabakiwa na ganda jembamba la msokoto tu. Lishike kwa ncha ya sindano, livute kama waya, kisha pitisha tapu (chuma cha kukatia uzi) ya 6 kusafisha. Kabla ya yote pima urefu wa stadi mpya na ufunge tepu kwenye biti, usije ukatoboa hadi kusikotakiwa.

Habari ya bolti ya 8 achana nayo. Matundu ya flenji ya egzosi, lile bamba la kufungia bomba, hayataipokea, na nyama ya alumini pale pembeni ni ndogo. Tundu likiharibika, toboa 6.3, kata uzi kwa tapu yake maalumu na weka helikoili, ile koili ya waya wa chuma inayokuwa uzi mpya. Utarudi kwenye stadi ile ile ya 6, na uzi wa chuma utadumu kuliko ule wa alumini.

GiaYaTano

Asanteni sana. Fundi wa kuchomelea ninaye, ila ananitisha kwamba umeme utaua CDI, kile kiboksi kinachoongoza cheche za plagi. Na je, nishushe hedi? Pia nimesikia shabu inayeyusha chuma na kuacha alumini. Ni kweli?

FundiMkongwe

CDI haifi kama unachomoa soketi yake na kutoa waya za betri. Ila usimwache abane klipu ya eathi kwenye chasisi. Abane kwenye hedi yenyewe, karibu na stadi, la sivyo umeme unatafuta njia kupitia beringi za krenki na unazichoma vidoti.

Ya shabu ni kweli. Iliyokolea kwenye maji ya moto inakula chuma taratibu na alumini inaiacha karibu ilivyo. Mafundi saa wanaitumia miaka mingi kutoa skrubu zilizokatika. Lakini hedi yako siyo saa. Viti vya valvu humo ndani vina chuma, ukiizamisha yote kwenye sufuria vinaliwa pamoja na stadi. Labda ujenge kiukuta cha udongo kuzunguka tundu moja na kuongezea maji ya moto kila yakipoa. Mimi naiweka akiba kwa kichopoo au tapu iliyokatikia ndani, ambako drili haina la kufanya.

Hedi shusha kwa ajili ya ile ya ndani tu. Kutoboa ukiwa umechuchumaa mbele ya tairi, drili imelala kwa pembeni, ni kujitafutia helikoili. Mezani unaona unachofanya.

GiaYaTano

Mrejesho. Ndefu imetoka kwa moto na mshumaa, hatukufika kwenye nati. Ilitoka na unga mweupe kweli kweli. Hedi imeshuka, bushi inakerezwa.

BitiButu

Safi. Wakati wa kurudisha, stadi mpya iingie kwa vidole hadi mwisho, na grisi ya shaba kwenye uzi, pande zote mbili. Usiikandamize chini kwa spana. Nati weka za shaba, hizo hazishikani kwa kutu na chuma. Egzosi ifunge kwa kulegea kwanza, hadi bolti ya kule nyuma kwenye chasisi, halafu kaza nati za hedi kwa zamu, mwisho kabisa ndiyo ile ya nyuma. Ukianza na ya nyuma bomba linavuta stadi kwa pembeni kila injini inapopata moto. Kukaza kwenyewe ni kama Nm 10 kwa stadi ya 6, kitabu cha pikipiki yako kikisema tofauti fuata kitabu. Iwashe ipate moto, iache ipoe kabisa, kisha zipitie tena nati zote mbili, gasketi mpya huwa inalala kidogo.