Tupeane uzoefu: Je, kuna haja ya kuzivalisha kava aironi za gofu?

Mleta mada

Ndugu wachezaji, naomba tupeane uzoefu juu ya jambo dogo lisiloisha ubishi. Draiva, ile fimbo ya mapigo marefu, tunaivalisha kava na hakuna anayeuliza, na putta ya kusukumia mpira shimoni vivyo hivyo. Lakini mtu akifika kwenye tii ya kwanza, pale pa kuanzia mchezo, akiwa amezivika aironi zake, yaani fimbo za chuma zenye namba, moja moja, kuanzia namba 4 hadi weji, zile fupi za mapigo ya karibu, minong'ono huanza kabla hajapiga mpira. Mimi ni miongoni mwa walionong'onwa. Naomba kila mmoja aeleze yaliyomkuta yeye mwenyewe, wala si aliyoyasikia, na ataje fimbo zake ni za chuma gani, kwa sababu nashuku kwamba nusu ya ubishi huu ni wa watu wanaozungumzia vyuma viwili tofauti.

Naanza na yangu. Aironi zangu ni za kufuliwa, yaani zimetengenezwa kwa chuma laini chenye kaboni kidogo, kisha zikapakwa nikeli na kromu juu yake. Chuma hiki husifiwa kwa jinsi mpira unavyohisika mkononi unapougonga katikati, lakini ulaini huohuo ndio unaokifanya kibonyee upesi kikigongana na kingine. Kwa kuwa nilikuwa nimezitamani fimbo hizo kwa muda mrefu, nilizinunulia kava za neoprini zenye namba ubavuni, nikawa nazivika baada ya kila pigo kama mtu anayemfunika mtoto asipigwe na baridi.

Siku moja tulimalizia raundi kwenye mvua. Nilifuta vishikio, nikavika kava, nikaliacha begi ndani ya gari kwa zaidi ya wiki moja. Nilipokuja kuivua namba 6, kitambaa cha ndani kilikuwa bado kibichi na kinanuka, na kwenye soli, yaani chini ya kichwa cha fimbo, pale ambapo mchanga wa bunka, lile shimo la mchanga uwanjani, ulikuwa umeshakwangua kromu, palikuwa na vidoa vya kutu vya rangi ya chungwa, vidogo kama punje za mtama, vilivyopanda hadi kwenye mifereji miwili ya chini ya uso unaogonga mpira. Rafiki yangu mwenye fimbo kama zangu, ambaye hajawahi kununua kava, alikuwa na mibonyeo mingi kuliko mimi, ila hakuwa na kutu hata mahali pamoja. Tangu hapo nimebaki na mashaka, ndiyo maana nimeileta mada hii.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, umefanya vyema kutaka tutaje chuma. Zangu ni za kumiminwa kwenye kalibu, za chuma kisichoshika kutu kiitwacho 17-4, jina linalotokana na kiasi cha kromu na nikeli kilichomo, takriban asilimia 17 na asilimia 4. Nimezichezea miaka kumi na moja bila kava. Zina mikwaruzo kila upande, na namba ya kwenye weji inasomeka kwa taabu, lakini sijaona pigo hata moja lililopotea kwa sababu ya mikwaruzo hiyo. Kinachoamua mpira uendeje ni uso na mifereji yake, na hiyo humalizwa na mipira, mchanga na mazoezi, mambo yanayotokea wakati kava imo mfukoni.

Hoja ya kwamba draiva huvikwa kava, kwa hiyo aironi nazo zivikwe, huwa inanishangaza. Zamani vichwa vya draiva vilikuwa vya mti, na vya leo ni vya titani nyembamba au vina paa la kaboni lililopakwa rangi. Kava ya draiva haikuwekwa kuikinga na nyasi. Iliwekwa kuikinga na aironi. Ndani ya begi aironi ndiye mgomvi, na sioni kwa nini tumvalishe mgomvi wakati jirani zake wameshavaa.

Mchangiaji wa pili

Mimi sitazungumzia chuma, nitazungumzia muda. Kanuni za gofu zinapendekeza mchezaji apige ndani ya sekunde 40 tangu anapoweza kucheza bila kikwazo. Aironi zangu zilikuwa nane zenye kava, na kila pigo lilikuwa na kazi mbili za ziada, kuvua na kuvika, pamoja na ya tatu isiyosemwa, yaani kutafuta. Kava ya namba 8 niliipoteza mara tatu katika msimu mmoja. Mara mbili ilirudishwa na kundi lililokuwa nyuma yetu, likiwa limekunja uso, na mara ya tatu haikuonekana tena. Seti yenye pengo moja katikati inaudhi kuliko kutokuwa na seti kabisa.

Kilichonikomesha ni kisa kidogo. Nilikuwa kando ya grini, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo, nimeitupa kava ya weji kwenye nyasi hatua mbili mbele yangu bila kufikiri. Nikaugonga mpira vibaya, ukatoka chini, ukaipiga kava yangu mwenyewe na kusimama hapo hapo. Wenzangu walibishana kuhusu adhabu hadi tukakumbushana kwamba tangu kanuni zilipobadilishwa mwaka 2019, mpira ukigonga kifaa chako kwa bahati mbaya hakuna adhabu, unaucheza ulipo. Kabla ya hapo ningehesabiwa pigo moja. Niliokoka adhabu, lakini sikuokoka kicheko, na kava zote nikazigawa jioni ileile.

Mchangiaji wa tatu

Naomba niwatetee kidogo wenye kava. Aironi zangu zimepakwa rangi nyeusi juu ya chuma. Raundi nne za kwanza nilicheza bila kava, begi likiwa nyuma ya gari la gofu linalorukaruka kwenye njia za kokoto, na kwenye ncha ya kila fimbo, mahali inapomgonga jirani yake, weusi ulibanduka ukaacha alama ya fedha yenye umbo la mwezi mchanga. Nilipoanza kuzivika, miezi hiyo haikuendelea kukua. Usoni na kwenye soli weusi umekwenda kama kawaida, na sikutarajia vinginevyo, kwa kuwa huko unaondolewa na mpira na ardhi.

Nakubali kwamba hili ni suala la sura. Hata hivyo fimbo zangu za awali niliziuza zikiwa zimetumika, na mnunuzi alianza kwa kuzigeuza na kutazama migongo yake kabla hata hajaangalia mifereji. Kwa mtu anayebadilisha fimbo mara kwa mara, mgongo usio na mibonyeo una thamani yake.

Mchangiaji wa nne

Wote mmezungumzia vichwa, nami nimeumizwa na shafti, yaani mipini ya fimbo. Zangu ni za grafaiti, kwa sababu viwiko vyangu havistahimili mtetemo wa chuma. Kwa miaka miwili nilipanga fimbo begini bila utaratibu, weji zikichanganyika na draiva. Angalieni begi lililosimama: fimbo ndefu vichwa vyake viko juu, fupi vichwa vyake viko chini, kwa hiyo kichwa cha weji kinakaa sambamba na shafti ya fimbo ndefu iliyo jirani yake na kuigonga kila hatua. Nilipopitisha kidole kwenye shafti ya namba 4 nilikuta mkwaruzo uliopita rangi na kufika kwenye nyuzi. Mkwaruzo wa rangi hauna neno, ila nyuzi za grafaiti zikikatika, shafti hudhoofika, na fundi alinishauri niibadilishe kabla haijavunjika wakati wa pigo.

Sikununua kava. Nilibadili begi, nikachukua lenye vyumba vinavyotenganishwa hadi chini, na nikapanga fimbo ndefu upande wa nyuma na weji upande wa mbele. Fimbo 14 tunazoruhusiwa zinakaa bila kugombana. Kava ninazo chache za safari za ndege tu, kwani mizigo hutupwa, na hapo vichwa, shafti na kila kitu viko hatarini.

Mchangiaji wa tano

Nimebeba mabegi ya wengine kwa miaka mingi kabla sijaanza kucheza mwenyewe. Kelele za aironi ni dalili ya mbebaji asiye makini. Chukua taulo, lilowanishe upande mmoja, lipitishe kati ya vichwa vya aironi kama anayesuka ukili, na unapotembea weka kiganja juu yake. Hazitagongana, na taulo la kufutia uso wa fimbo utakuwa nalo tayari. Mwisho wa raundi liondoe, usilale nalo begini, maana litafanya kazi ileile iliyofanywa na kava za mleta mada.

Mleta mada

Nawashukuru nyote. Nimepima upya fimbo zangu baada ya kusoma michango hii, kwa kuwa kuna aliyenitumia ujumbe wa faragha akidai kava huzuia pia pembe za vichwa vya chuma laini zisihame. Fundi alikuta namba 7 yangu imehama kwa digrii mbili, ingawa ndiyo iliyovikwa kwa uaminifu kuliko zote, na akaniuliza kama huwa nafanya mazoezi kwenye mkeka mgumu. Nikakiri. Aliirudisha kwenye kipimo chake kwa dakika chache.

Kutu nimeisugua ikatoka, isipokuwa kwenye mfereji mmoja wa namba 6. Kava nimeziosha na kuzianika, na sasa nazitumia garini pekee, juu ya fimbo ambazo nimehakikisha zimekauka. Nikifika tii ya kwanza zinabaki kwenye buti. Jana nilijaribu taulo la mchangiaji wa tano. Kwenye shimo la nne mwenzangu aligeuka kuangalia kama bado nipo nyuma yake.