Bawa la kwanza la paramota Pwani: jipya la daraja A, refleksi la mtumba, au nibaki na hili la mlimani?

MwewePwani
Wakuu, salaam. Nimemaliza mafunzo ya paramota (kuruka kwa bawa la kitambaa na injini mgongoni) mwezi uliopita na nina saa 14 za kuruka peke yangu. Injini ninayo, Moster 185. Kinachoninyima usingizi ni bawa. Naruka zaidi Kilifi, asubuhi ufukweni na jioni juu ya mashamba ya mkonge, na Januari nikipata likizo napanda Iten. Mezani kuna matatu:

1. Jipya la daraja A, la wanafunzi, trimu zake (vibano vya mikanda vya kupunguza au kuongeza mwendo) fupi. Duka limeniambia euro 2,900 kabla ya usafiri na ushuru.
2. Refleksi (bawa la kasi, ukingo wake wa nyuma huinuka) la mtumba, euro 1,100, "saa 90 tu, limetunzwa". Muuzaji ni wa Pwani kama mimi. Kwenye picha rangi haijapauka.
3. Bawa langu la zamani la kuruka bila injini, daraja B, uzito wa kupaa kilo 85 hadi 105.

Mwenyewe nina kilo 78. Moyo uko kwenye namba 2, kwa sababu ya mwendo, na kwa sababu kila mtu anasema refleksi halikunjiki hewani. Semeni, msinihurumie.

Kerio2400
Namba 3 tuitoe haraka. Wewe 78. Injini, fremu na hanesi (kiti cha mikanda), tuseme 27. Petroli lita 10 ni kama kilo 7 na nusu. Bawa 5. Kofia, viatu, nguo na parachuti ya akiba, nyingine 5. Tayari umefika 122 na ushee, na bawa linaishia 105. Soma kitabu chake, maana baadhi ya watengenezaji hutoa kiwango tofauti cha uzito kwa wanaoruka na injini. Kama hakuna, basi liache kwa ajili ya mlima.

Na kuhusu Iten: unapaa ukiwa mita 2,400 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo bawa lile lile linataka mbio zaidi kwa asilimia 12 hivi ndipo likubebe, na injini yako hapo hapo inapoteza kama sehemu ya tano ya nguvu zake. Vijana wa Pwani hufika huku wakakimbia hatua walizozizoea mchangani, wakakaa kwenye hanesi mapema, propela ikalima nyasi. Kimbia mpaka miguu ikose ardhi.

MwalimuZuhura
Mdogo wangu, aliyekuambia refleksi halikunjiki amekupa nusu ya habari. Ukiachia trimu, ukingo wa nyuma wa bawa unainuka kidogo, mzigo unahamia mbele, na bawa linakuwa gumu kukunjwa na mtikisiko. Hapo ni kweli. Lakini ukivuta breki katika hali hiyo unaushusha ule ukingo, na ulinzi uliolipia unautoa kwa mkono wako mwenyewe. Ndiyo maana ukiwa na trimu wazi au umekanyaga kanyagio la mwendo, unageuza kwa vishikio vya ncha za bawa, breki unaziacha.

Sasa mtu mwenye saa 14, akishtuka, anafanya nini? Anavuta breki. Wote tulivuta. Na refleksi likikunjika kwa mwendo ule linakunjika kwa hasira kuliko la daraja A.

Jambo jingine: herufi ya daraja uisome hadi mwisho. Majaribio ya EN (kiwango cha Ulaya kinachotoa hizo herufi) hufanywa kwa mpangilio maalumu, na kwenye mabawa mengi ya paramota cheti kinahusu trimu zilizofungwa tu. Mengine yana tangazo la DGAC, mamlaka ya usafiri wa anga ya Ufaransa, pekee, yaani limepimwa kubeba mzigo bila kukatika. Tabia yake likikunjika hewani haijapimwa hapo.

FundiNyuzi
Uzi huu umenifurahisha maana hakuna aliyegusa nyuzi bado.

Mimi nashona matanga ya boti na mabawa. "Saa 90" haziniambii kitu mpaka nijue ni saa 90 za wapi. Bawa lililoruka saa 90 jioni kwenye nyasi na bawa lililotandazwa ufukweni saa nzima saa sita mchana kila Jumamosi likisubiri upepo, umri wao si mmoja. Jua ndilo linalokula nailoni. Mchanga nao hukwangua ile dawa iliyopakwa kitambaani kuzuia hewa, na chumvi ikikauka inakuwa na punje kali zinazosaga ndani ya nyuzi. Rangi isikudanganye. Nimeshika bawa jekundu kama nyanya ambalo halikufaa hata kufunikia pikipiki.

Karakana hupima kwa mashine: inahesabu sekunde ambazo kiasi fulani cha hewa hutumia kupenya kitambaa. Jipya hutoa mamia ya sekunde. Likishuka hadi 10 hivi, karakana nyingi hulikataa. Huna mashine? Shika kitambaa cha juu, vyumba (mifuko ya hewa ya bawa) vya katikati, karibu na midomo ya kuingizia hewa, maana hapo ndipo huchakaa kwanza. Kibane midomoni mwako uvute pumzi. Kisha nenda kwenye ncha ya bawa ufanye vile vile. Kama katikati unavuta kama kupitia leso na kwenye ncha hupati kitu, umeshajibiwa. Si kipimo cha kuandikia cheti, lakini kinatosha kukurudisha nyumbani na euro zako.

Halafu nyuzi zenyewe. Za mbele ndizo zinazobeba uzito, kwa hiyo hurefuka. Za nyuma hazibebi sana, na zikiwa za Dyneema hujikunyata, hasa zikilowa na kukauka. Matokeo yake bawa linaelekea nyuma taratibu. Linachelewa kupanda kichwani, linakaa nyuma yako, na siku moja linashuka wima kama kikapu huku likiwa limejaa hewa kabisa. Ukiongeza kitambaa kinachovuja, hatari inakuwa maradufu. Dawa ipo: nyuzi zinapimwa urefu moja moja zikiwa zimevutwa kwa mzigo wa kilo 5, kisha zinarekebishwa kwa vitanzi pale zinapofungwa kwenye mikanda, au seti nzima inabadilishwa. Ila seti mpya ni hela, ijumlishe kwenye ile 1,100.

MaskatiHewani
Nawasalimu kutoka Maskati. Naunga mkono Fundi, naongeza joto. Mimi niliharibu nyuzi zangu bila kuruka: bawa lilikaa ndani ya buti ya gari kiangazi, wiki mbili. Nilipolipima, nyuzi za nyuma zilikuwa fupi kwa sentimita kadhaa. Na kopo la petroli msiliweke karibu na mfuko wa bawa hata kama mfuniko umekaza.

Hata hivyo nitalitetea refleksi kidogo. Nina saa 300 nalo na kwa safari ndefu silibadilishi. Lakini nilianza na la wanafunzi misimu miwili, na nililiuza kwa bei nzuri. La daraja A halikosi mnunuzi.

MwewePwani
Asanteni sana. Mwalimu, kwenye breki umenipata, ndivyo nilivyofanya wiki jana juu ya mkonge. Fundi, nilimwomba muuzaji tulitume likapimwe, gharama juu yangu. Akasema halina haja, "njoo ulione tu". Nikaenda jana.

Tulilifungua barazani kwake. Kitu cha kwanza, mchanga ulimwagika kutoka vyumba vya pembeni, karibu kiganja kizima. Panzi mkavu naye alikuwemo, na kando yake kitundu cha ukubwa wa punje ya mchele. Nikauliza kama liliwahi kuingia baharini. Akanyamaza, kisha akasema "lililowa kidogo tu". Nilivuta kile kitambaa kwa mdomo mbele yake, aibu tupu, mkewe anatuangalia. Katikati pumzi ilipita. Ulimi ukaonja chumvi.

FundiNyuzi
Chumvi ulimini! Hicho kipimo kipya nakichukua.

Bawa likilowa baharini unalo saa chache tu. Maji baridi yasiyo na chumvi, mengi, ndani ya pipa au beseni kubwa, ubadilishe mara tatu nne. Usilisugue, usitie sabuni. Usiliinue likiwa limejaa maji, uzito huo hupasua kuta za ndani. Likaushe kivulini, likining'inia kwenye kamba pana, na uligeuze. Kisha lipimwe kabla ya kuruka tena.

MwalimuZuhura
Na usisahau kwamba aliyelilowesha naye alilowa. Mwenye injini mgongoni akianguka majini husukumwa uso chini. Ukiruka Kilifi kaa mahali ambapo injini ikizima unafika mchangani, na vaa boya linalojijaza lenyewe.

Kerio2400
Basi namba 1. Chagua saizi ambayo kilo zako 122 ziko ndani ya kiwango, mbali na ukingo wa juu. Ukaguzi kila mwaka au saa 100, kinachotangulia. Januari njoo, nitakupokea saa kumi na mbili asubuhi, kabla bonde halijaanza kuchemka.

MwewePwani
Nimeagiza la daraja A leo. Pipa la lita 200 nimeshapata, lilikuwa la maji ya mvua.

Muuzaji kaniandikia usiku: lile refleksi limechukuliwa na mtu wa Entebbe. Ndugu wa Entebbe, kama unapita humu, vuta pumzi katikati kabla hujawasha injini.