Mjadala: Je, fedha za umma ziendelee kumsomesha kijana fasihi chuo kikuu?

Ndugu wachangiaji, naomba tulijadili kwa utulivu jambo ambalo huzuka hapa Tanga kila matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa. Wapo wazee wetu, na hata baadhi ya walimu, wanaoshikilia kwamba kijana aliyesoma HKL, yaani tahasusi (mchepuo) ya Historia, Kiswahili na Kiingereza, asipewe mkopo wa serikali wa kwenda kusomea fasihi, kwamba fedha hizo zipelekwe kwenye udaktari, uhandisi na kompyuta, na kwamba riwaya na mashairi mtu anaweza kujisomea nyumbani baada ya kazi. Wanaongeza kuwa serikali yenyewe, tangu mwaka wa masomo 2022/23, inatoa Ufadhili wa Samia kwa wanaofanya vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi, na kwamba mwelekeo huo ufuatwe hadi mwisho. Ufadhili huo ninaukubali. Ninachokipinga ni hatua ya pili, ya kumfungia mlango mwanafunzi wa fasihi.

Hoja yao yenye nguvu kuliko zote ni Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani, hapa hapa kwetu, mwaka 1909, akafanya kazi ya ukarani serikalini kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1962 bila kuwa na shahada yoyote ya fasihi. Ikiwa yeye hakuihitaji, wanauliza, nani anaihitaji? Ni kweli kwamba chuo kikuu hakimfanyi mtu kuwa mshairi. Lakini tuangalie kilichotokea baada yake. Barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kuanzia mwaka 1931 hadi 1958 zilihifadhiwa katika familia, na leo tunaweza kuzisoma kwa sababu Profesa Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizihariri, zikachapishwa mwaka 2002. Mshairi alijifunza mwenyewe, lakini kazi ya kumhariri, kumfafanua na kumkabidhi kwa kizazi kingine ilifanywa na watu waliosomea kazi hiyo.

Na kazi hiyo ni ngumu kuliko wengi wanavyodhani. Pwani yetu iliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya herufi za Kilatini kuenea. Hemedi bin Abdallah wa Tanga alitunga utenzi mzima juu ya vita vya Wajerumani katika Mrima, yaani pwani ya bara inayotazamana na Zanzibar, vita vilivyoanza mwaka 1888 na ambavyo kiongozi wake, Bushiri bin Salim, alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Hati za aina hiyo zilikusanywa kwa juhudi za mtafiti wa Kiswahili J.W.T. Allen na wenzake, zikawekwa katika maktaba ya chuo Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970.

Sasa mchukue kijana anayesoma Kurani vizuri umpe ukurasa mmoja wa hati kama hizo. Atatamka herufi zote na bado ubeti unaweza kumpotea, kwa maana katika maandishi mengi ya zamani herufi moja ilibeba sauti ya b na ya p, alama moja ya irabu ilisimama kwa i na kwa e, nyingine kwa u na kwa o, na mara nyingi m au n iliyotangulia konsonanti nyingine haikuandikwa kabisa. Anayeweza kuufungua ukurasa huo ni yule aliyefundishwa kanuni za utenzi: kwamba kila kipande cha ubeti huwa na mizani, yaani silabi, nane, kwamba vipande vitatu vya kwanza hushiriki kina kimoja, yaani huishia kwa sauti moja, na kwamba cha nne hubeba kina kinachokwenda hadi mwisho wa utenzi. Akihesabu mizani saba, anajua huenda kuna silabi iliyoachwa. Akishalitambua neno moja kati ya matatu yenye kina kimoja, irabu ya mwisho ya mengine mawili imejulikana. Elimu hii haipatikani kwa kujisomea riwaya kibarazani jioni, na wanaoimiliki ni wachache.

Nikiri pia kwamba wanaoipinga shahada hii wana sababu ya kulalamika kuhusu namna inavyosomwa. Mwanafunzi anatoka sekondari akiwa amezoea kutoa hoja tatu kutoka katika kila kitabu teule, dhamira hapa, ujumbe pale, kisha anaingia chuoni na kuendelea na mtindo ule ule kwa miaka mitatu. Pendekezo langu ni kwamba mkopo uendelee kutolewa, lakini asihitimu mtu kabla ya kuhariri matini moja halisi: hati ya kale, hadithi simulizi aliyoirekodi kijijini, au tafsiri yenye maelezo.

Mchangiaji kutoka Muheza:

Nimemsoma mwenzangu kwa makini na ninamheshimu. Mimi ni mkulima wa machungwa na ni mzazi. Binti yangu ana shahada hiyo mnayoizungumzia, tena kwa alama nzuri, na mpaka leo anafundisha kwa kujitolea, akipewa posho isiyotosha hata nauli. Siku atakayoajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itakatwa kila mwezi kulipia mkopo. Kwamba hati za kale ni mali yetu sote sikatai, ila nauliza kama ni haki mtoto wa mkulima abebe peke yake deni la kuzitunza. Wenye uwezo na wawasomeshe watoto wao mashairi. Sisi tuleteeni wauguzi na mafundi.

Jibu la mwanzilishi wa mjadala:

Mzee wangu, swali lako ni zito, na kuhusu deni ninakubaliana nawe kabisa. Kama kazi ni ya umma, sehemu ya gharama yake iwe ruzuku isiyorudishwa. Ninaposhindwa kukufuata ni pale unapowaachia fasihi wenye uwezo peke yao. Binti aliyelelewa Muheza amezisikia hadithi za Kibondei kwa bibi zake. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya kifahari Dar es Salaam hajui hata kwamba zipo, na hatakuja kuzitafuta. Tukiwaondoa watoto wa wakulima, zitakazohifadhiwa ni hadithi za wengine.

Kuhusu ajira, mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na bado tuna sheria nyingi zilizoandikwa kwa Kiingereza. Kuzitafsiri kunahitaji wanasheria, lakini kunahitaji pia watu waliozoea kupima uzito wa kila neno katika sentensi ndefu. Halmashauri zetu, maktaba na makumbusho hazijawatafuta watu hao ipasavyo, na hapo ndipo ningeelekeza lawama kabla ya kumlaumu binti yako kwa kozi aliyoichagua. Ningependa sasa kuwasikia walimu wa Kiswahili wa sekondari za Tanga: je, mwanafunzi wenu bora wa HKL mnamshauri asomee nini, na kwa nini?